Nchi Isiyovuja

Njia ya kwenda Ukavuni siisimulii, maana haina ajabu lolote: mtu hupanda, hushuka, huchoka, kisha hufika. Ajabu huanzia getini. Kitwana Shomvi alifika pale mvua ikinyesha, akiwa na mkoba begani na uzito kifuani. Mkoba aliufungasha siku ya safari. Uzito alikuwa nao tangu alipomzika mkewe, Mwanaisha. Dada yake Zamoyoni, aliyechoka kumwona ameketi upenuni akiutazama ukuta kana kwamba anasubiri umjibu, ndiye aliyemshauri asafiri abadilishe hewa. Majirani waliambiwa kwamba kaka amekwenda kutafuta biashara ya mbao. Kitwana hakuwahi kuuza hata kijiti cha kuchokolea meno, lakini alinyamaza, akaondoka.

Ofisa wa getini alikuwa kijana mtanashati, sare yake imepigwa pasi vizuri, ila mabegani ilikuwa imelowa chapachapa. Aliuliza jina, akauliza atokako, kisha akainama na kushusha sauti.

"Samahani kwa swali, mzee wangu. Paa la kwenu halivuji?"

Kitwana alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. "Masika yakikolea linavuja kidogo," akasema. "Pale juu ya kabati. Tunatega beseni."

Foleni nzima iliyokuwa nyuma yake ilirudi hatua moja kwa pamoja, kama watu walioona siafu. Mama mmoja alimziba mwanawe masikio. Ofisa akagonga muhuri haraka haraka.

"Mimi sikusikia kitu," akanong'ona. "Halivuji. Usilirudie neno hilo, utaharibikiwa. Karibu Ukavuni, nchi kavu."

Hapo tone lilidondoka kutoka dari ya kibanda chake, likatua kwenye paji la uso wake, likateremka hadi ncha ya pua. Ofisa hakulifuta. Alisimama wima akimtazama Kitwana machoni mpaka tone likaanguka lenyewe.

Sasa yafaa niseme jinsi watu wa Ukavuni wanavyoishi, usije ukadhani ni watu wabaya. Kule kila mtu akipevuka hujengewa nyumba yake ndogo ndani ya ua wa wazazi: chumba kimoja, mlango mmoja, paa moja. Hata wakioana, mume ana yake na mke ana yake, milango inatazamana. Nyumba hiyo mtu hukaa nayo mpaka kufa. Haiuzwi, haiachwi, na hakuna ruhusa ya kulala chini ya paa la mwenzio. Na ibara ya kwanza ya Katiba yao, iliyochongwa kwenye jiwe mbele ya Wizara ya Ukavu, inasema hivi: Mapaa ya Ukavuni hayavuji. Kitwana aliuliza kama hiyo ni amri au ni taarifa. Aliambiwa ni fahari.

Kwa kuwa mapaa hayavuji, yule ambaye lake linavuja lazima ana jambo alilolifanya. Ama amepungukiwa na dua, ama kuna jicho la mtu, ama mama yake aliruka kamba akiwa mjamzito, ama ni uvivu tu na kudeka. Mabati si ni yale yale waliyopewa wenzake? Mbona wenzake wamekaa kimya? Mtu kama huyo huitwa mvujiwa. Ukoo wake hauolewi wala hauoi, na watu wakifika usawa wa nyumba yake huvuka barabara, wakapita ng'ambo wakijifanya wanatafuta kitu mfukoni.

Nao ni wakarimu, nasema kweli. Uzio wako ukianguka, majirani wanafika na fito kabla hujamaliza kupiga kelele. Ukuta ukipata ufa, wanakuja na machungwa na juisi, wanakaa, wanauliza umeupataje, na kila mmoja anasimulia ufa wake wa mwaka juzi na jinsi ulivyomtesa. Kitwana alimwona bwana mmoja anawatembeza wageni kutazama bawaba iliyokatika, na wageni wanatikisa vichwa, pole sana, pole, hii lazima iliuma. Bawaba!

Lakini paa, kimya. Na kilicholifanya lizidi kuwa kimya ni ngazi. Ngazi ikionekana imeegemezwa kwenye nyumba yako, basi imekusemea yote. Ndiyo maana Ukavuni hutaiona ngazi dukani, wala barabarani, wala kwenye picha za vitabu vya watoto. Mafundi wa mapaa wapo, wachache, nao hufanya kazi kutokea ndani: mlango umefungwa, fundi amesimama juu ya kigoda, anasokomeza matambara na nta kwenye matundu. Maji yakizibiwa hapa yanatokea pale. Tangu nchi hiyo iwe nchi, hakuna fundi aliyewahi kulitengeneza paa akiwa juu ya paa.

Mwenyeji wa Kitwana alikuwa Bwana Sudi Mwinchande, Mkurugenzi Msaidizi wa Uhamasishaji katika Wizara ya Ukavu, mtu mwenye sauti nzuri na viatu vilivyovimba kwa maji. Alimkaribisha nyumbani kwake yeye na mkewe, Bi Kidawa. Chai ilipoletwa, tone lilitua katikati ya kikombe cha Bwana Sudi, likafuatiwa na jingine. Alikinywa.

"Chai ya leo nyepesi, mke wangu," akasema.

"Majani ya siku hizi," akajibu Bi Kidawa, naye akasogeza kiti chake polepole kutoka kwenye tone lake mwenyewe, kama mtu anayesogea tu.

Shati la Bwana Sudi lilikuwa limemganda mgongoni. Alipoona mgeni analitazama, alijipepea kwa gazeti na kulalamikia joto. Nje kulikuwa na baridi ya kutetemesha meno.

Mwisho wa ua, nyuma ya migomba, palikuwa na nyumba ya binti yao. Jina lake kamili Mwanamvua, lakini mbele ya wageni aliitwa Mwana, kwa kuwa ile sehemu nyingine ilionekana haina adabu. Kitwana alipomuulizia aliambiwa anapumzika. Aliambiwa hivyo asubuhi, akaambiwa hivyo jioni, na mama yake alipolisema neno hilo alikuwa anakikunja na kukikunjua kitambaa cha meza.

Habari za getini zilimfuata Kitwana mjini. Muuza duka alimpa chenji kwa kumrushia. Watoto walifundishwa kumwamkia kwa mbali. Mbele ya kadamnasi, basi, mgeni alikuwa mvujiwa aliyekubuhu, mtu wa kuepukwa. Lakini alipokuwa peke yake katika chumba cha wageni alichopangiwa pale uani, walianza kuja.

Wa kwanza alikuwa Mzee Pandu, mwenye bucha, aliyekuja kurudisha kisu ambacho Kitwana hakuwahi kumwazima. Akaingia, akafunga mlango, akausukuma tena kuhakikisha.

"Kwenu," akasema, macho yake kwenye kisu, "mnafanyaje?"

"Kuhusu nini?"

"Hilo la juu ya kabati."

"Tunamwita fundi."

"Anakuja kwa kujificha?"

"Anakuja mchana. Bila mwanga ataionaje misumari?"

Mzee Pandu alimeza mate. "Na ngazi?"

"Anaiegemeza ukutani, anapanda."

"Majirani wakiona?"

"Wanamwambia akimaliza apite na kwao."

Mzee mzima, mwenye mikono ya kuvunja paja la ng'ombe, alikaa chini akalia. Hakulia kidogo. Alilia kama mtoto aliyekuwa amepotea sokoni na sasa ameuona mkono wa mama yake. Kisha akajifuta, akachukua kisu chake, akafungua mlango, na kwa sauti ya kusikika barabara nzima akasema, "Basi usiwe unanisumbua tena na visu!"

Baada yake walikuja wengine, kila mmoja na kisingizio chake. Mwalimu mkuu alitaka kujua majira. Kiongozi wa dua alipotelewa na kofia. Yule ofisa wa getini alikuja kukagua kama muhuri umekauka. Wote walifunga mlango kwanza, wote waliuliza yale yale, na wote, jambo lililomshangaza Kitwana kuliko yote, waliamini kwamba katika Ukavuni nzima ni wao peke yao. "Nina hakika wengine wote wako sawa," alisema mwalimu mkuu, maji yanamchuruzika sikioni. Kitwana alitamani awafungulie mlango wakutane uani. Lakini aliyekuja kwa siri humtoi hadharani, hata kama aliyeko hadharani ni mwenzake.

Wa mwisho hakuja. Kitwana alimfuata yeye, akiwa amemwomba Bi Kidawa sahani ya chakula cha binti ili aipeleke mwenyewe. Mlango wa Mwanamvua haukuhitaji kufunguliwa, ulikuwa wazi. Mbao zilishiba maji zikavimba na hazikuingia tena kwenye fremu. Ndani, kitanda kilikuwa kimesukumwa mpaka pembeni kabisa, na binti ameketi juu yake amejifunika khanga mbili. Alikuwa mwembamba, macho yake makubwa na yenye akili.

"Shikamoo, mjomba. Wewe ndiye wa beseni?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Karibu. Kaa hapo, si pale. Pale panaanza muda si mrefu."

Alimwonyesha boriti ya katikati, ile inayobeba paa zima. Ilikuwa imepinda, na ufa umetembea ndani yake kutoka upande mmoja karibu hadi wa pili. Mwanamvua alieleza kwa utulivu, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake. Ilianza kama unyevu tu, wakati bado anafundisha watoto wa chekechea kuimba. Akamwambia shoga yake. Shoga akahamia mtaa mwingine. Akamwambia shangazi, shangazi akasema jikaze kisabuni, mbona sisi tulijikaza.

"Mwingine akaniambia nisiiwaze mvua," akasema. "Nikiacha kuiwaza haitaingia. Mwingine akaniuliza kama najua kuna watu hata nyumba hawana. Najua, mjomba. Nikikaa hapa huwa nawawaza na wao."

"Na baba yako?"

Uso wake ulilegea. "Baba ananipenda. Aliniletea godoro lake, kavu kuliko yote aliyonayo. Akaleta mtu wa kufukiza ubani. Akamleta Fundi Ngwali akasokomeza matambara, yale unayaona yananing'inia. Ameleta kila kitu isipokuwa ngazi. Anasema nisubiri Kongamano la Wizara lipite."

"Na mvua kubwa ikija kabla?"

"Itashuka," akasema Mwanamvua, akiitazama boriti. "Nikilala naisikia inalia. Nami nitakuwa chini yake, nyumba nyingine sina."

Kisha akaiacha boriti, akamgeukia Kitwana.

"Na wewe, mjomba, kwenu panavuja wapi?"

"Nimesema. Juu ya kabati."

"Hapo ulishasema getini. Nakuuliza pengine."

Kitwana aliinuka akasema sahani itapoa. Njiani kati ya migomba alisimama, na hakujua alisimama kwa nini, wala kwa muda gani.

Alimkabili Bwana Sudi siku ile ile. Hakuzunguka mbuyu: boriti inavunjika, mwite fundi, lete ngazi.

Bwana Sudi alifumba macho. "Bwana Kitwana, unadhani sijaiona? Naiona kila nikipita. Lakini mimi ndiye ninayeandaa Kongamano la Kuwakubali Wavujiwa. Nchi nzima inanitazama. Ikionekana ngazi uani kwangu, nani atanisikiliza nikiwaambia wasiwatenge?"

Kuna mambo mtu akikueleza kwa uso mkavu hujui pa kuanzia kumjibu, na huyu hata uso mkavu hakuwa nao.

Kongamano lilifunguliwa siku ambayo mvua ya masika ilishuka kwa ukali usiowahi kusikika. Ukumbi ulipambwa vitambaa vya buluu, na wajumbe wote walivaa fulana zilizoandikwa MVUJIWA NI MWENZETU. Paa la ukumbi lilikuwa linavuja kuliko yote. Maji yalidondoka juu ya wakubwa na wadogo, yakajaa kwenye glasi za meza kuu kabla ya wahudumu kufika na chupa, na Mheshimiwa Waziri wa Ukavu alisoma hotuba yake kutoka kwenye karatasi iliyokuwa inageuka uji mikononi. Penye kurasa zilizoganda aliruka, na pale alipoziruka nyingi zaidi ndipo alipopigiwa makofi zaidi.

Ukafuata mjadala. Mjumbe mmoja alisema neno mvujiwa linadhalilisha, akapendekeza mwenye changamoto ya unyevu wa juu. Mwingine akasema unyevu nao una ukali, afadhali ndugu mwenye majimaji. Wa tatu akahoji kama neno ndugu halitawafunga kisheria. Hapo walikaa muda mrefu sana, wakaunda kamati, kamati ikatoka, ikarudi imelowa zaidi, ikasema imegawanyika. Msomi mmoja akatoa mada kuthibitisha kwamba kuvuja hakuambukizwi, ila kwa tahadhari ni vyema kutochangia mifereji. Kila aliyesimama alianza kwa kusema, "Mimi binafsi sijawahi kukumbwa na tatizo hili, lakini nawahurumia." Walilisema hilo huku wanakamua mikono ya mashati yao chini ya meza.

Kisha ikafika zamu ya ushuhuda. Bwana Sudi alikuwa amezunguka nchi nzima kumtafuta mvujiwa wa kusimama mbele ya watu, asimpate. Mwishowe aliajiri mwigizaji, Bwana Tupa Ligalwike, kijana mchekeshaji ambaye paa lake, kwa bahati ya ajabu, lilikuwa zima kabisa. Hata ukumbini alikuwa ameketi kwenye kona pekee isiyodondoka. Alipoitwa jukwaani ikaonekana kwamba miongoni mwa watu wote wale ni yeye peke yake aliyekuwa mkavu, ikabidi amwagiwe kopo la maji kichwani ili afanane na mvujiwa. Akaeleza mateso yake. Ukumbi ulilia kwa kwikwi. Mheshimiwa Waziri alimkumbatia kwa tahadhari, mikono imenyooka, picha zikapigwa.

Hapo ndipo mlango wa nyuma uliposukumwa, akaingia Bi Kidawa. Hakuwa na viatu. Alikuwa na mchi wa kinu mkononi, na mchi ulikuwa umevunjika.

"Baba Mwanamvua," akaita, na jina zima, lenye ile sehemu isiyo na adabu, likasikika hadi meza kuu. "Boriti imeshuka. Nilijaribu kuitegemeza. Imeziba mlango na mtoto yuko ndani, na upande uliobaki unaning'inia. Kwa chini haifikiki."

Bwana Sudi alikuwa jukwaani na kipaza sauti mkononi. Kitwana alimtazama, akaona mtu aliyesimama kati ya nyumba mbili zinazoungua.

"Mkurugenzi," Waziri akasema kwa upole, "masuala ya kifamilia tuyaache yapite kimya kimya, kwa heshima ya binti. Tuendelee na ratiba."

Bwana Sudi alikitazama kipaza sauti kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Kisha akakileta mdomoni.

"Paa la mwanangu linavuja," akasema. "Na langu linavuja. Nani ana ngazi?"

Kitwana alikumbuka kwamba katika nchi hiyo ngazi hazikuwepo. Mvua iliendelea kugonga. Ndipo, katikati ya ukumbi, Mzee Pandu wa bucha akainuka, fulana imemganda tumboni.

"Ninayo," akasema. "Iko nyuma ya jokofu la nyama. Niliinunua zamani kwa siri, nje ya nchi. Sijawahi kuipanda."

"Ninayo mimi," akasema mwalimu mkuu. "Chini ya kitanda."

"Ya kwangu iko darini," akasema kiongozi wa dua. Mwanamke mmoja akasema yake ameiviringisha kwenye mkeka, ameisimamisha pembeni ya kabati, mumewe anadhani ni mkeka. Mumewe, aliyeketi kando yake, akasema yeye naye anayo, ameifukia shambani. Walitazamana hawa wawili kama watu walioposana jana.

Sitasahau Kitwana alivyosimulia kilichofuata, maana kila akifika hapo alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Barabara kuu ya Ukavuni, mchana kweupe, mvua inamwagika, na watu wanakimbia na ngazi: za mianzi, za mbao, za chuma, nyingine mpya kabisa zingali na kamba za kufungashia. Ngazi ziligongana kwenye kona. Watu waliombana radhi. Ofisa wa getini alikuja na fupi ya kupandia tu juu ya meza, nayo ikachukuliwa. Wakaziegemeza kwenye nyumba ya Mwanamvua pande zote mpaka ikaonekana ina miguu, na Fundi Ngwali, aliyekuwa amezeeka juu ya vigoda, akapanda juu ya paa kwa mara ya kwanza maishani.

"Jamani!" akapaza sauti kutoka juu. "Kumbe misumari imekwisha kutu! Yote! Haya matambara tulikuwa tunamsokomezea nani?"

Wakayang'oa mabati, wakaifunga boriti kwa kamba, wakaivuta kuelekea juu mikono kwa mikono. Bwana Sudi ndiye aliyeshuka ndani. Alimkuta binti yake uvunguni mwa kitanda, bega limeteguka, nusu ya mwili ndani ya maji. Wakamtoa kwa juu. Alipoketi ukingoni mwa ukuta, amefunikwa koti la Waziri ambalo Waziri mwenyewe hakuwa amelitoa kwa hiari, Mwanamvua aliutazama umati na ngazi zao.

"Nyote?" akauliza. Hakuna aliyeondoka.

Ningependa kusema kwamba Ukavuni ilibadilika siku hiyo. Wizara ilitoa taarifa kwamba ngazi zilizoonekana zilikuwa za kuangulia mashelisheli, ingawa haukuwa msimu wake. Bwana Sudi alihamishiwa Idara ya Uzio. Bunge likakaa na kuirekebisha ibara ya kwanza, ikasomeka: Mapaa ya Ukavuni hayavuji, isipokuwa la Mwanamvua. Na ngazi nyingi zilirudi chini ya vitanda.

Si zote. Ile ya Mzee Pandu ilibaki imeegemea ukuta wa Mwanamvua, maana binti alikataa iondolewe. Wapita njia walivuka barabara wakapita ng'ambo, kama desturi. Kitwana alipokuwa anafunga mkoba alimwona mwalimu mkuu amesimama ng'ambo hiyo, anatafuta kitu mfukoni kwa muda mrefu mno. Kisha akavuka kurudi upande huu, akabisha hodi, akaomba kuiazima, akisema yake haifiki paani. Hakufunga mlango nyuma yake, na ule ulikuwa mlango mpya unaofungika.

Njia ya kurudi nayo siisimulii.

Zamoyoni alimpokea kaka yake kwa vigelegele. Alimvua mkoba, akamketisha, akamtazama pande zote. "Umependeza! Hewa imekukubali. Majirani nimewaambia mbao zimelipa. Hujambo lakini?"

Kitwana alifungua kinywa kusema sijambo, neno alilolisema kila siku tangu mazikoni, nalo likakataa kutoka.

"Mimi naumwa, Zamoyoni," akasema. "Si mwili. Tangu Mwanaisha aondoke silali, nikila sioni ladha, na kuna asubuhi naomba zisifike. Ile ya upenuni haikuwa uchovu. Nataka kwenda hospitali, nikaonane na daktari wa mambo hayo. Nataka twende mchana, na wewe unisindikize."

Zamoyoni alirudi hatua moja. Kitwana aliijua hatua hiyo. Akamwona dada yake anageuka, anakwenda mlangoni, anashika komeo. Nje jirani yao, Mama Shani, alikuwa anapita na ndoo kichwani.

"Kaka amerudi?" Mama Shani akaita. "Mbao vipi?"

Mkono wa Zamoyoni ulibaki kwenye komeo. Alimtazama jirani, akamtazama kaka yake aliyeketi na mikono juu ya magoti, amekonda, ameshaonekana. Machozi yalimtoka bila yeye kuyaita.

"Hakukuwa na mbao," akasema. "Niliwadanganya. Kaka yangu anaumwa, Mama Shani, moyo wake na kichwa chake. Kesho nampeleka hospitali."

Mama Shani aliitua ndoo taratibu, isimwagike. Alitazama kushoto, akatazama kulia, barabara yote.

"Mnaondoka saa ngapi?" akauliza. "Mnipitie na mimi."